Shajara ya mradi: umaskini, ngazi na kokoto, kutoka Nyalenda hadi Kano

18 Januari 2025. Tunachopima na tunachoacha

Kikundi chetu ni kidogo: walimu wawili wa hesabu, mwanafunzi wa takwimu anayesubiri mahafali, na wahudumu sita wa afya ya jamii wanaoijua mitaa yao nyumba kwa nyumba. Tunataka kujua jambo moja. Ukihesabu vitu ambavyo kaya inavikosa badala ya pesa inazopata, je, hesabu hiyo inakubaliana na jinsi watu wenyewe wanavyoyaona maisha yao? Tutafanya kazi Nyalenda, hapa Kisumu mjini, na katika kijiji kimoja cha uwanda wa Kano, upande wa Rabuor. Tutaandika kila hatua ikiisha, ili kikundi kingine, kiwe cha Nakuru au Kakamega, kisilazimike kuanza sifuri.

Kipato tumekiacha mapema. Serikali hupima umaskini kwa matumizi ya kaya. Katika uchunguzi wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, wa 2015/16, mstari wa umaskini ulikuwa shilingi 3,252 kwa mtu kwa mwezi mashambani na 5,995 mjini, na asilimia 36.1 ya Wakenya walikuwa chini yake. Kupata takwimu ya aina hiyo kunataka kaya iandike kila ilichonunua na kila ilichokula, na karani arudi mara kadhaa kukagua. Hatuna pesa za kazi hiyo. Na ukimuuliza tu muuza omena wa soko la Kibuye anapata ngapi kwa mwezi, atakucheka. Mtaji, faida na pesa ya unga hukaa kwenye kibeti kimoja. Kuna msimu samaki hawapatikani, na kuna siku mtoto aliye Nairobi anatuma kitu kwa M-Pesa. Jibu utakalopata ni kisio la kukuondoa mlangoni.

Vibali vimeanza kushughulikiwa: leseni ya NACOSTI (tume ya serikali inayoruhusu utafiti), idhini ya kamati ya maadili, barua za machifu. Anzeni na hivyo, na anzeni mapema. Majina ya wahojiwa hatuyaandiki popote, kila kaya ina namba tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka uangalifu huo, na hata isingetaka, Nyalenda habari husafiri kabla hujafunga daftari.

Gharama: 4,600 za chai ya kikao na wazee wa mitaa, nakala za fomu za ridhaa na ramani.

9 Februari. Hojaji ya kwanza

Tunafuata mbinu ya Sabina Alkire na James Foster, waliyoichapisha 2011. Ndiyo inayotumika kwenye fahirisi ya umaskini wa nyanja nyingi ambayo Chuo Kikuu cha Oxford na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wameitoa tangu 2010. Nyanja ni tatu, kila moja ina theluthi ya uzito. Afya ina viashiria viwili, lishe na vifo vya watoto, kila kimoja sehemu moja ya sita. Elimu nayo ina viwili, miaka ya shule na mahudhurio ya watoto, kwa uzito uleule. Hali ya maisha ina sita, kila kimoja sehemu moja ya 18: nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba na mali. Unajumlisha uzito wa vyote ambavyo kaya inavikosa, na ikifika theluthi moja, waliomo wanahesabiwa maskini.

Kinachotuvutia ni kwamba mbinu hii inatazama pia kina cha ukosefu. Tuseme kati ya watu kumi wanne ni maskini, na kwa wastani wanakosa nusu ya vyote. Fahirisi ni 0.4 mara 0.5, yaani 0.2. Mmoja wa hao wanne akipoteza maji safi, idadi ya maskini inabaki wanne, lakini fahirisi inapanda. Ukihesabu vichwa peke yake, msiba wake hauonekani.

Tumebadilisha mambo mawili, na kila anayeiga ayajue kabla ya kulinganisha namba zake na za dunia.

La kwanza ni lishe. Fahirisi ya dunia hutumia uzito na urefu. Mizani nzuri na ubao wa kupimia urefu ni ghali, na wahoji wetu, wale wahudumu sita wa afya, tayari wanao utepe wa kupima mkono wa mtoto, ule wenye nyekundu chini ya sentimita 11.5, manjano hadi 12.5, na kijani kuendelea. Tulidhani tumeokoa pesa. Tatizo ni kwamba utepe unaonyesha kukonda kwa sasa, hauonyeshi kudumaa kulikojengeka kwa miaka, tena ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59 tu. Kaya isiyo na mtoto wa umri huo haipati jibu lolote. Kwa hiyo utepe umebaki kama huduma kwa watoto tunaowakuta, na kwenye kiashiria tumeweka maswali manane ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kuhusu uzoefu wa kukosa chakula, kuanzia wasiwasi wa kuishiwa hadi kushinda siku nzima bila kula.

La pili ni stima. Fahirisi inauliza kama nyumba ina umeme. Nyalenda karibu kila chumba kina waya umeingia, ila wiki nzima mita inaweza kuwa inasoma sifuri. Tumeongeza swali: katika siku saba zilizopita, taa iliwaka usiku wa siku ngapi? Hilo haliingii kwenye alama, linakaa pembeni.

Kwa upande wa ustawi tunatumia ngazi ya mwanasaikolojia Hadley Cantril ya 1965: vipandio kutoka 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyafikiria kwako, chini kabisa ni mabaya kuliko yote, wewe umesimama wapi leo? Tumeongeza pia maswali matano ya WHO-5, hojaji fupi ya Shirika la Afya Duniani, kuhusu hali ya moyo katika wiki mbili zilizopita. Hapo kuna wajibu. Jumla ya juu ni 25, na mtu akipata chini ya 13, si haki kumwandika na kuondoka. Tumekubaliana na kituo cha afya cha karibu kwamba atapokelewa, na mhoji ndiye atakayempeleka akikubali.

2 Machi. Majaribio: ngazi ilisomwa kinyume

Tulijaribu hojaji katika mtaa ambao hautakuwa kwenye utafiti. Sehemu ya umaskini ilipita vizuri. Ngazi ndiyo iliyotusumbua.

Mwanzoni majibu yalikuwa ya ajabu. Mwenye duka la jumla alijiweka kwenye 1, mama anayefua nguo za watu kwenye 9. Mhoji mmoja, mama mtu mzima asiye na haya, alimrudia mwenye duka na kumuuliza kwa nini yuko chini hivyo. Akashangaa: chini wapi? Namba moja si ndiye wa kwanza? Ukisoma shule zetu, mtoto aliye namba moja anabebwa juu juu siku ya kufunga, na aliye namba 50 anajificha. Ngazi yenye namba ilikuwa inasomwa kama ripoti ya darasa.

Tumeondoa namba. Sasa ni kadi ngumu yenye picha ya ngazi, vipandio vimepakwa rangi, na juu kuna jua. Mhojiwa anapewa kokoto aiweke anapoona yupo. Namba ziko nyuma ya kadi, mhoji peke yake ndiye anayezisoma. Tangu hapo hakuna aliyeisoma kinyume, na wazee waliokuwa wakisita kutaja namba wanaweka kokoto bila shida. Wengine huisukuma juu, wakaifikiria, wakaishusha kipandio kimoja. Tunaandika pale inapotulia.

Tatizo la pili ni mpangilio. Nusu ya wahojiwa tuliwapa ngazi mwanzoni, nusu mwishoni, baada ya kuwauliza kuhusu choo, sakafu, chakula na watoto. Waliopewa mwishoni walijiweka chini zaidi. Si ajabu: umemkalisha mtu nusu saa ukimworodheshea asivyo navyo, kisha unamuuliza maisha yakoje. Mchumi Angus Deaton aliona jambo la jamaa hii kwenye kura za maoni za shirika la Gallup nchini Marekani, ambako kuanza na maswali ya siasa kulishusha majibu ya ngazi. Kwa hiyo ngazi inakuja kwanza, mara tu baada ya ridhaa, kabla mhoji hajatazama paa.

Tatu, kuna majirani. Chumba cha kupanga Nyalenda kinatazamana na vingine sita, na mahojiano ya uani huwa ya wote. Mbele ya watu karibu kila mmoja anaweka kokoto katikati. Kujiweka juu ni kujigamba na kualika wakopaji, na kujiweka chini ni kujitia aibu. Kanuni yetu sasa: ngazi ndani, mlango ukiwa wazi nusu, maswali mengine popote.

Gharama: posho 18,000 (shilingi 1,000 kwa mhoji kwa siku), kadi za ngazi 1,800. Kokoto bure, ufuoni Dunga zimejaa.

29 Machi. Nyalenda imekwisha

Kaya 48. Hojaji iko kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanya data kwa simu, kwa hiyo data inaingia moja kwa moja kutoka kwenye simu. Hilo sitalieleza zaidi, maelekezo yamejaa mtandaoni. Nitaeleza yaliyoharibika.

Wahoji wetu wanaheshimika, na heshima hiyo ilituletea shida. Mhudumu wa afya ndiye anayejua nani amekosa kliniki na nani hajatibu maji. Akiuliza kuhusu choo, anajibiwa kama mkaguzi. Katika siku za kwanza kila mtu alikuwa na choo cha peke yake, hadi tulipohesabu vyoo vya ploti ile tukakuta viwili tu. Tulibadilishana maeneo: kila mhoji akahoji mtaa wa mwenzake, asikojulikana. Choo cha kushirikiana kikaanza kutajwa. Kwa vipimo vya dunia hata choo kizuri kikishirikiwa na kaya nyingine ni ukosefu, kwa hiyo kosa hapo lingepotosha alama za Nyalenda yote.

Upande mwingine wakawepo waliojifanya maskini kuliko walivyo. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ianze Oktoba 2024, asiye na mshahara anakadiriwa mchango wake wa bima kwa maswali ya nyumba, mali na nishati, na maswali yetu yanafanana na hayo kama mapacha. Wengine walidhani tunaandikisha watu wa Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi ambayo serikali huwapa wazee na wasiojiweza. Televisheni zilifunikwa shuka. Maelezo marefu ya ridhaa hayakusaidia, watu wameyazoea. Kilichosaidia ni sentensi moja mwanzoni kabisa: "Sisi hatutoi pesa, na hatuna uwezo wa kukuongezea wala kukupunguzia malipo yoyote." Wachache walifunga mlango baada ya kuisikia. Ni haki yao. Mche wa sabuni wa shukrani hutolewa mwisho, na hauonekani kabla.

Kubwa kuliko yote ni swali la vifo vya watoto: je, mtoto wa chini ya miaka 18 amefariki katika kaya hii miaka mitano iliyopita? Karibu kaya zote zilikuwa "hapana". Kobo inaweza kurekodi muda wa kila swali, na tulipotazama tukaona swali hili linajibiwa kwa sekunde moja. Wahoji hawakuwa wanaliuliza. Wakajieleza bila kuficha: humwulizi mama habari za mtoto aliyemzika, tena ndiyo kwanza umekaa, tena wewe ni kijana wa kiume. Kuwakaripia kusingefaa kitu, walikuwa na adabu kutuzidi. Tumelihamishia mwisho, linaulizwa na wahoji wanawake watu wazima pekee, na tumeongeza jibu la tatu: "sikuuliza". Kaya zilizopita zilirudiwa. Ambako bado hakuna jibu, lishe inabeba uzito wote wa afya, kama inavyofanywa kwa nchi zinazokosa kiashiria kimoja. Nafuu pengo linaloonekana kuliko "hapana" ya uongo.

Jambo la mwisho: mchana unawakuta walioko nyumbani. Watu wa bodaboda, mafundi na wauza samaki hawapo. Tulirudi jioni na Jumapili baada ya kanisa, ingawa Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye na wengine tuliwafuata huko huko sokoni.

Gharama: posho 24,000, bando 3,000, sabuni 7,200.

24 Mei. Kano, baada ya mvua

Tulitaka kuja Aprili, barabara za udongo zikakataa. Kaya 42 zimekamilika sasa. Ngazi, kokoto na mpangilio mpya vimefanya kazi bila marekebisho, kwa hiyo hapa nitakuwa mfupi.

Shida mpya ni wakati. Baadhi ya boma bado zinajenga upya kilichozolewa na mafuriko ya 2024, na ukimuuliza mtu "maisha yako leo" anayapima kwa mwaka ule: maji hayajaingia ndani, basi mambo ni mazuri. Nyingine ziko kwenye matanga. Huku mazishi huwa mwisho wa wiki, na boma lenye msiba halina mtu mmoja wa kukaa naye faragha, wala si adabu kumtaka. Tunaliacha, tunarudi baadaye, na tunaandika kama kulikuwa na msiba katika miezi mitatu.

Maji nayo yalitutatiza. Kipimo cha dunia ni chanzo salama ndani ya dakika 30, kwenda na kurudi. Kisima cha pampu kiko umbali wa dakika 10 lakini foleni asubuhi ni saa nzima. Tumehesabu foleni. Anayebeba mtungi haipunguzi.

Gharama: posho 24,000, nauli na bodaboda 9,400, sabuni 6,300.

21 Juni. Hesabu, na nyumba mbili

Mwezi huu Benki ya Dunia imehamisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 kwa siku hadi 3.00, kwa kutumia bei mpya za kulinganisha nchi. Mamilioni ya watu duniani wamevuka mstari kwenye karatasi bila lolote kubadilika jikoni mwao. Nataja tu kwa sababu kikao chetu kizima kiliishia kwenye mjadala huo badala ya kazi.

Asilimia sitaandika. Kaya 90 za mahali pawili haziwezi kusema lolote kuhusu kaunti yenye watu 1,155,574 kwa sensa ya 2019, na nikiandika, kesho nitaziona kwenye pendekezo la mtu la kuomba ufadhili. Nitasema mwelekeo tu. Ndani ya kila mahali, kaya inayokosa vingi huwa chini kidogo kwenye ngazi. Uhusiano upo, lakini ni dhaifu. Ukichanganya pamoja Nyalenda na Kano, unakaribia kutoweka, kwa sababu Kano inakosa vingi zaidi na bado kokoto zake ziko juu kidogo.

Nyumba mbili zinaonyesha linalotokea. Nimebadilisha mambo madogo ili zisitambulike.

Ya kwanza ni Nyalenda. Mama wa makamo na watoto watatu. Anapikia makaa: 1/18. Choo cha kushirikiana: 1/18. Kuta za udongo: 1/18. Maji ya bomba yapo kibandani dakika tano kutoka mlangoni. Stima ipo. Ana simu na televisheni. Watoto wote wako shule, yeye alifika darasa la nane, hakuna aliyefariki, chakula kinapatikana. Jumla 3/18, yaani 0.167. Si maskini, na hata kwenye kundi la walio hatarini, linaloanzia 0.2, hayumo. Kokoto aliiweka kipandio cha pili.

Ya pili ni Kano. Bibi na wajukuu wawili. Kuni, choo cha shimo kisicho na sakafu, maji ya zaidi ya dakika 30, hakuna stima, nyumba ya udongo: 5/18. Watu wazima wa nyumba hiyo hakuna aliyemaliza miaka sita ya shule: 3/18 zaidi. Wana simu, redio na baiskeli, kwa hiyo kwenye mali wamepita. Jumla 8/18, yaani 0.444. Ni maskini bila ubishi. Kokoto aliiweka kipandio cha sita, akaigonga kwa kidole kuhakikisha imekaa.

Mchumi Amartya Sen ametuonya miaka mingi kuhusu jibu la bibi huyu. Aliyezoea kukosa hupunguza matarajio yake hadi yatoshee alichonacho, na kuridhika kwake hakumwondolei serikali deni la choo. Nakubali. Lakini onyo hilo halimfikii mama wa Nyalenda. Yeye hajazoea chochote, anasema yuko chini, na fahirisi inasema yuko sawa. Kuna kitu anachokosa ambacho hatukumuuliza.

19 Julai. Tumerudi na maswali mengine

Watu wa Oxford wenyewe waliwahi kutaja, tangu 2007, nyanja ambazo takwimu za umaskini hukosa: ubora wa kazi, uwezo wa kuamua mambo yako, usalama wa mwili, kutembea bila aibu, na hali ya moyo. Tulirudi kwa sehemu ya kaya tukiwa na karatasi moja ya maswali ya kodi, mikopo, michango na aibu. Mengine yamekubali, mengine yamekataa.

"Je, unaona aibu kwa sababu ya umaskini?" limekataa kabisa. Swali lenyewe linatukana. Tumeliacha, tukauliza yaliyotendeka: katika miezi mitatu, kuna mkutano wa chama, harusi au matanga ambayo hukuenda kwa sababu hukuwa na mchango? Hapo watu wakafunguka. Kuna dada mmoja anayezunguka njia ndefu ya kwenda sokoni asipite kwa mwekahazina wa chama chake.

Deni pia haliulizwi kwa jumla. "Una deni?" jibu ni hapana. Tumetenganisha: duka la jirani, mkopo wa simu, chama, kodi ya nyumba, karo. Mama wa kipandio cha pili anadaiwa kodi na amekopa kwenye simu kulipa mkopo mwingine wa simu. Mlango wake uliwahi kufungwa kwa kufuli la mwenye nyumba, vitu vikiwa ndani. Ile televisheni iliyompitisha kwenye kiashiria cha mali ni dhamana ya deni. Bibi wa Kano hadaiwi na mtu. Ardhi ni yao, na chama chake cha mazishi kimelipwa.

Katika kaya tulizorudia, malimbikizo ya kodi na kukwepa michango vinaendana na ngazi kuliko viashiria vyote sita vya hali ya maisha. Kaya ni chache, lakini jambo lenyewe si geni huku magharibi. Mtafiti Anirudh Krishna na wenzake, katika utafiti wa vijiji 20 vya Vihiga na Siaya uliochapishwa 2004, waliwaacha wanakijiji wenyewe waeleze nani alitoka umaskinini na nani aliingia kwa miaka 25. Waliotumbukia walisukumwa zaidi na magonjwa na gharama za mazishi. Choo na sakafu vinakuonyesha kaya iliko. Upande inakoelekea unauona kwenye deni na msiba.

Kuna pengo moja ambalo hatujaliziba. Fahirisi inapima nyumba, ngazi inapima mtu. Tulipowahoji mume na mke kila mmoja peke yake, kokoto zao zilipishana, mahali pengine zaidi ya zinavyopishana nyumba na nyumba. Mume mmoja alikuwa kwenye saba, mkewe kwenye tatu. Paa moja, sufuria moja. Ripoti ya KNBS ya 2020 ilitenganisha watoto, vijana, wanawake, wanaume na wazee kwa sababu ya jambo hili. Sisi tungehitaji kuwahoji watu wawili kila kaya, yaani posho mara mbili. Anayeanza sasa alipange kwenye bajeti.

Gharama: posho 12,000, muda wa maongezi 2,700.

23 Agosti. Baraza

Tuliwarudishia wahojiwa matokeo kabla ya mtu mwingine yeyote, Nyalenda asubuhi na Kano wiki iliyofuata. Tulibandika viashiria ukutani na kumpa kila mtu maharagwe 10 ayagawe kulingana na uzito anaoona unafaa.

Nyalenda maharagwe yalimiminika kwenye choo, na kwenye karatasi tupu ambayo waliiandika wenyewe "kodi". Stima ilipata machache sana. Kano waliweka maji na shule mbele, na wakauliza kwa nini ng'ombe hahesabiwi. Kwenye orodha ya dunia ya mali upo mkokoteni wa kuvutwa na mnyama, mnyama mwenyewe hayupo. Sikuwa na jibu zuri.

Kijana mmoja wa bodaboda alipinga ngazi yenyewe. Alisema wiki iliyopita angejiweka juu zaidi, ila jirani amenunua pikipiki mpya. Watu walicheka, lakini hoja yake ina ushahidi. Kaya za Rarieda, Siaya, zilizopewa pesa bila masharti na shirika la GiveDirectly zilionyesha kupanda kwa kuridhika na maisha, katika utafiti wa Haushofer na Shapiro uliochapishwa 2016, na uchambuzi wa ziada wa mradi huohuo uliona kuridhika kwa majirani wasiopata kukishuka.

Mwenzetu mmoja alitaka tuunganishe yote, alama na ngazi, tupate namba moja ya kupeleka kaunti. Tumekataa. Wastani wa 0.444 na kipandio cha sita ungemficha bibi asiye na maji, na wastani wa 0.167 na kipandio cha pili ungemficha mama anayefungiwa mlango. Tunapeleka safu mbili: ukosefu upande mmoja, ngazi upande mwingine, na kaya zinazopishana zimewekewa alama ili aulizwe mtu, siyo kompyuta. Kodi na deni vinabaki safu ya tatu, nje ya alama, hadi tupate maswali ambayo Kano pia yana maana, maana huko hakuna anayepanga nyumba.

Gharama: viti, chai na maharagwe 8,500. Jumla ya mradi hadi leo ni 121,500.

Awamu ijayo ni Januari, shule zikifunguliwa, kwa kaya zilezile. Hizi namba zote zimechukuliwa miezi ambayo karo haijauma sana, na tunashuku kokoto za Nyalenda zitashuka ilhali viashiria vitabaki palepale. Kabla ya hapo, hojaji inahitaji kufupishwa hadi dakika 25, swali la aibu liondolewe kwenye fomu ya simu ambako bado limejificha, na wahoji wawili zaidi wapatikane, wanawake, watu wazima, na angalau mmoja asiye mhudumu wa afya.